Mboga Isiyojua Kufa

Bustani ya Mélanie ilianza mlangoni pa jiko lake ikaishia kwenye mtaro, na haikuwa yake. Nyumba ilikuwa yake, zile kuta za udongo na bati ambazo mumewe Cyprien alizisimamisha kabla hajafa. Choo pia kilikuwa chake. Lakini akitoka tu jikoni, hatua ya kwanza ilitua juu ya ardhi ya muzee Alphonse, na Mélanie aliikanyaga kila asubuhi kwa adabu, kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu.

Kijijini kwao Nyantende utaratibu huo wanauita bwasa. Unalima ardhi ya mtu kwa msimu mmoja. Kabla ya kupanda unampelekea mwenyewe kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na ukishavuna unampelekea fungu lake la maharagi. Msimu ukiisha, unaomba tena. Sharti lake ni fupi: panda kinachokufa. Maharagi, mahindi, viazi, lengalenga. Usipande mgomba wala kahawa wala avoka, kwa sababu kitu kinachobaki ardhini humsemea aliyekipanda. Na kuna jambo jingine ambalo kila mtoto wa Nyantende analijua: maadamu mazao yako yangali ardhini, hakuna wa kukutoa. Shamba likibaki tupu, limemrudia mwenyewe, na kukupa tena ni hiari yake.

Anayetaka kubaki hutoa kalinzi. Ni ng'ombe, au mbuzi kwa kipande kidogo, mbele ya mashahidi, na kuanzia siku hiyo ardhi inakuwa yake na ya watoto wake. Cyprien alikuwa amekwisha kumfuga mbuzi huyo, dume jeusi lenye ndevu, na muzee Alphonse alikuwa amemwona akamkubali kwa macho. Cyprien akaenda kwanza Kamituga kuchimba dhahabu ili aongeze na wa pili, asije akaonekana mchoyo. Shimo likamfunika. Mbuzi wa kalinzi akachinjwa kwenye kilio chake. Muzee Alphonse alikula paja lake huku machozi yakimtoka, maana alimpenda Cyprien kweli.

Baada ya hapo nani angetoa kalinzi? Mwanamke hatoi. Wanasema ardhi ya Bushi, nchi yao, ni ya mababu, na mtu akisikiliza vizuri ataona kwamba hao mababu hawakuwa na mama hata mmoja. Mélanie akabaki na bwasa, msimu baada ya msimu, na binti yake mmoja, Chancelle, ambaye alisomeshwa na bustani ile tangu kalamu ya kwanza.

Mboga alizipeleka Muhumba, mtaa wa mjini. Alishuka nazo mgongoni, kamba ya kitunga ikimkaza paji la uso, mpaka kwa Zabibu, mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa Uvira aliyekuwa na mgahawa nyuma ya maofisi. Zabibu alichagua mboga kama mtu anayechagua mkwe. Siku moja alimpa Mélanie kifuko kidogo cha mbegu zilizofanana na bizari, zenye harufu tamu ya dawa ya kikohozi.

"Mama Chancelle, unijaribie hii," alisema. "Nyanya yangu aliita shamari, alitia mbegu yake mu chai. Lakini wateja yangu ba ofisi banataka kitunguu yake. Beye banaita fenui."

"Iko kitunguu?"

"Iko kama kitunguu. Lakini hii hailizi mutu."

Mélanie akaenda akazipanda kama mwanamke yeyote wa Bushi anavyopanda, yaani katikati ya kila kitu. Kwao shimo moja hupokea harage na punje ya hindi, na maboga hupita chini yao kama watoto chini ya meza. Lakini fenui haikutaka jamaa. Ilipotoa majani yake membamba kama nyuzi, maharagi yaliyoizunguka yalinyauka, yakawa ya njano, yakasimama pale pale. Miche aliyoihamisha ilinuna, ikatoa maua kabla ya kunenepa. Jirani yake Françoise alikuja kusimama mtaroni kuangalia, mikono kiunoni.

"Karoti gani hii, Mélanie? Iko kama bwana yangu. Nywele mingi, chini hakuna kitu."

Walicheka wote wawili mpaka Françoise akaketi chini. Lakini Mélanie hakuwa mtu wa kushindwa na jani. Msimu uliofuata alizipanda mbegu mahali zitakapokaa, bila kuzihamisha, na akazitenga na maharagi. Mahali palipobaki ni ukingoni mwa bustani, kwa hiyo akazipanda pale kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka jikoni hadi mtaroni. Shina lilipoanza kuvimba juu ya udongo, kila juma alilifunika kwa udongo kidogo, kama mtu anayemvutia mtoto blanketi, ili libaki jeupe na laini. Zabibu alipokivunja kitunguu cha kwanza kwa vidole akakinusa, alisema amletee vyote.

Lililobadilisha kila kitu, Mélanie aliligundua bila kulitafuta. Alikuwa akikata vitunguu kwa kisu usawa wa udongo, akiacha mizizi chini kwa uvivu tu, kwa sababu ni mirefu na inashika. Kiangazi kilipofika, maharagi yakiwa yamevunwa na mahindi yamelala, shamba zima likawa vumbi jekundu. Lakini pale ukingoni kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi, mawili hapa, matatu pale, ya kijani kibichi. Akayamwagia maji aliyooshea sahani. Yakakua. Akakata. Yakachipua tena.

Alichuchumaa mbele ya mstari ule na ndoo tupu mkononi, na wazo likamjia lote kwa pamoja. Kiangazi ndicho majira ambayo wenye ardhi hupita wakiangalia mashamba yaliyo tupu. La kwake halikuwa tupu. Kama fenui haifi, halitakuwa tupu kamwe.

Hakumwambia mtu, hata Chancelle. Hakuliita wizi, wala hakuliita haki. Alichofanya ni kumwaga maji ya sahani kila jioni, na maji ya kunawia, na wakati mwingine maji ya kunywa.

Muzee Alphonse hakuwa kipofu. Miaka ikapita, naye kila kiangazi alipita na fimbo yake, akavunja ubua mmoja, akautafuna polepole kwa meno machache yaliyombakia. Mélanie alimchemshia chai ya mbegu zake kwa ajili ya tumbo, lililokuwa likimsumbua. Siku moja, kikombe kikiwa mkononi, muzee aliuelekeza mstari ule kwa kidevu.

"Hii mboga yako, mwana wangu, haijue kufa."

Mélanie alishusha macho. Alingoja neno linalofuata, maana alijua kwamba muzee anajua.

"Miye najua kufa," muzee alisema, akamaliza chai. "Basi iache."

Alikufa mwaka uliofuata, kabla ya mvua za Septemba. Hakuwa amemwita shahidi yeyote. Ruhusa yake alikuwa ameitoa kwa mdomo wa mtu mmoja kwenda kwa sikio la mtu mmoja, na ruhusa ya namna hiyo huzikwa na mwenyewe. Watu wema wa nchi yetu wana tabia hiyo: wema wao huufanya kwa siri, kana kwamba ni aibu, na ubaya wa wengine hufanywa mbele ya mashahidi na kupigiwa makofi.

Mwana wa muzee, Théodore, aliishi mjini. Alikuwa mtu mpole wa viatu vinavyong'aa, aliyezungumza taratibu na kumwita kila mwanamke maman. Msimu huo na uliofuata aliipokea kasiksi ya Mélanie bila neno. Halafu, kiangazi kilipokuja, alifika na mtu mmoja wa mjini mwenye kamba ya kupimia. Mji unapanda Nyantende siku hizi, kuta zinapanda mlima kama siafu, na bustani ya Mélanie ilikuwa na barabara karibu. Walipima kutoka mtaroni wakaja juu. Walipofika kwenye mstari wa kijani, mgeni akasimama.

"Hapa kuna mutu?" aliuliza.

Théodore aliinama, akavuta jani, halikutoka. Akavuta kwa nguvu, likakatika, mzizi ukabaki. Mélanie alikuwa mlangoni pa jiko na kisu mkononi, akimenya viazi.

"Maman, hii kitu ulipanda lini?"

Angeweza kusema Februari. Lakini mashina yalikuwa manene kama vifundo vya mkono wa mtu mzima, na yeye hakuwa na mazoea ya uongo.

"Hiyo iko ya zamani kidogo," alisema.

Mgeni akakunja kamba yake. Hakutaka ardhi yenye maneno. Théodore hakugombana. Aliangalia ule mstari, ulivyonyooka kutoka jikoni hadi mtaroni, ukifuata ukingo wa shamba lake kama miti ambayo mababu walipanda kuweka mipaka, na akasema kwa sauti ileile ya upole kwamba watakutana kwa kapita.

Kapita, mkuu wa kijiji, aliwakalisha uani kwake Jumapili baada ya misa. Mélanie alivaa kitenge chake cha kanisani. Françoise alikuja, na wanawake wengine wa upande wao, na wanaume wengi kuliko walioitwa, kwa sababu kesi ya ardhi ni sinema isiyolipiwa. Théodore alieleza kwa ufupi. Baba yake alimpa mama huyu bwasa, akampa kwa huruma, mjane. Yeye amepanda kitu kisichokufa, tena kwa mstari, tena mpakani. Nani hapa hajui maana ya mstari mpakani? Wanaume walitikisa vichwa. Mmoja alisema yeye mwenyewe alidhani ni ua. Mwingine alisema wajane wa siku hizi wanajifunza mjini.

Mélanie alieleza habari ya maharagi, jinsi fenui inavyoyaua, jinsi ukingo ulivyokuwa mahali pekee palipobaki. Walicheka. Mboga inayoua mboga? Françoise alisimama akasema ni kweli, aliyaona maharagi yakiwa manjano kwa macho yake mawili. Wakamwambia akae. Mélanie akasema muzee Alphonse alijua, alikuja kila mwaka, aliila, aliruhusu. Kapita akauliza nani alisikia. Kuku alipita katikati ya baraza, na watu wakamwangalia kuku.

Kapita hakuwa mtu mkali. Alikunywa kidogo, akaifuta midomo, akamuuliza swali moja kwa sauti ya baba anayemsaidia mwanawe kujibu mtihani.

"Mama Chancelle, utuambie. Hii kitu yako iko ya musimu, ao iko ya kubaki?"

Chancelle alikuwa amekaa nyuma ya mama yake. Alimshika kitenge, akamnong'oneza kwa haraka: "Maman, useme inabaki. Useme uko na miaka pale. Baitoe na nguvu, kama banaweza."

Mélanie aliziangalia nyuso. Akisema inabaki, atakuwa amekiri mbele ya watu wote kwamba amevunja bwasa, mwanamke, mjane, aliyetaka kuchukua kwa majani alichoshindwa kuchukua kwa mbuzi. Wataitwa wezi, yeye na mwanawe, mpaka kaburini. Akisema ya msimu, huenda wakamwacha. Miaka yote ile aliimwagia maji kwa sababu inabaki.

"Iko ya musimu," alisema.

Kapita akaachia pumzi, akatabasamu. Basi shauri limekwisha, alisema, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Kitu cha msimu huvunwa. "Utaing'oa yote, mama, na mizizi. Watu baone kama hautafuti ardhi ya mutu. Na Septemba utakuja na pombe yako sawa kila mwaka." Akamgeukia Théodore, kama ana neno. Théodore alisema hana neno, hiyo ni haki. Watu wakapiga makofi.

Chancelle alitangulia njia nzima mpaka mtaroni. Ndipo akasema, bila kumtazama mama yake: usiing'oe. Hujasikia Théodore hakuahidi kitu? Mélanie alimjibu kwamba kapita amesema mbele ya watu, Septemba, amesikia kwa masikio yake. Neno la mbele ya watu halirudi nyuma. Chancelle akaingia ndani.

Aliing'oa Jumatatu. Shoka halikufaa, jembe lilikata mizizi katikati, kwa hiyo alichimba kila kimoja kwa panga na mikono, akipiga magoti vumbini. Mizizi ilikuwa myeupe, minene, imeshuka chini kuliko alivyofikiri. Ilishika. Harufu ile tamu ikajaa hewani mpaka barabarani, na watoto waliopita wakauliza nani anapika bonbon. Françoise alikuja kumsaidia bila kuitwa. Hakutania. Walipomaliza, ukingo wa bustani ulikuwa mfereji wa udongo uliopinduliwa, na hakukuwa na kitu chochote cha kijani kati ya jiko na mtaro.

Mzigo wote aliupeleka kwa Zabibu. Zabibu aligusa mizizi, akashangaa.

"Mbona umeleta na tumbo na miguu? Nitatoa wapi ingine?"

"Mwaka kesho," alisema Mélanie.

Mvua zilikuja mapema. Alipika kasiksi nzuri, ya ndizi zilizoiva chini ya majani, akaikamua mwenyewe, akaibeba kidumu kizima hadi nyumba ya marehemu Alphonse, ambako Théodore alikuwa amelala wikendi hiyo. Théodore alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti, akauliza habari ya Chancelle. Alipoambiwa habari ya msimu mpya, alionekana kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo.

"Lakini maman, shamba haikuwa na mutu. Ulivuna yote. Miye nilifikiri umemaliza." Akaongeza, kwa upole wake wote, kwamba ameshampa yule bwana wa mjini.

Mélanie alikwenda moja kwa moja kwa kapita, na kidumu kikiwa bado kichwani. Kapita hakumkwepa. Alimwambia kwamba anasikitika, kwamba yeye mwenyewe hakutegemea, lakini desturi aijuayo Mélanie ndiyo hiyo hiyo aijuayo yeye: shamba tupu linamrudia mwenyewe.

"Ni weye ulisema niing'oe," Mélanie alisema.

"Niliuliza. Ulisema iko ya musimu." Kapita alinyoosha mikono, si kwa ukali. "Ungesema inabaki, tungeenda polepole. Kitu ya kubaki iko na maneno, iko na bei yake. Ya musimu haina."

Mélanie alitua kidumu chini. Alikuwa amechoka, na njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda. Aliinuka tu akaondoka bila kidumu, na kabla hajafika kwenye ua alisikia nyuma yake mlio wa kizibo.

Ukuta wa yule bwana wa mjini ulipanda mbio. Waliujenga kwa matofali ya saruji kutoka mtaroni mpaka mkono mmoja kutoka mlango wa jiko, ili jiko lipate pa kutolea moshi, walisema. Sasa Mélanie akitoka jikoni anagusa ukuta kwa kiganja akitaka. Mboga anazozipeleka Muhumba anazinunua kwa wengine huko juu, akiwa na bahati, na Zabibu anamwuliza kila mara habari ya fenui, naye anasema itakuja. Chancelle ameacha masomo kwa mwaka huu. Hilo halisemwi nyumbani.

Mwezi wa Novemba, siku ya mvua nyingi, fundi mmoja kijana alipanda juu ya ukuta ule ambao haujaisha, akamwona Mélanie akiosha sahani, akamsalimia. Akamwambia kwamba upande wao, pale penye msingi, kuna majani fulani kama nywele. Wameyakata yakarudi. Wameyamwagia saruji yakatokea pembeni. Bosi atakuja kuangalia kesho, na yeye hataki maneno.

"Maman, weye ndo ulilima hapa. Hii kitu iko nini?"

Mélanie aliendelea kusugua sahani mpaka ikatakata. Akaimimina ndoo ya maji machafu chini ya ukuta, polepole, akaangalia yakipita chini ya tofali la kwanza kuelekea upande wa pili.

"Iacheni," alisema. "Iko ya musimu. Itakufa yenyewe."